Mji Uliozaliwa kwa Miguu: Historia ya Njia za Cyangugu



Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Methali hii ina busara kwa mtu aliyekutana na fahali katika njia nyembamba. Lakini methali hiyo hiyo ikifanywa kuwa sheria ya barabara za mji, huleta msiba, maana mwenye nguvu barabarani ni mwenye gari, na mnyonge ni mama aliyebeba kapu kichwani, mtoto anayekwenda shule, na kijana anayesukuma baiskeli mlimani. Mazungumzo ya leo yanahusu mji mmoja ambao historia yake yote ni historia ya wanyonge hao, na yanawahusu hasa ninyi, askari wa jeshi na wa polisi, kwa sababu nani apishwe na nani asubiri katika barabara si jambo linaloamuliwa na mhandisi peke yake. Huamuliwa pia na askari aliyesimama njiani.

Mji huo ni Cyangugu, ulioko kusini magharibi mwa Rwanda, pale ziwa Kivu linapokwisha na mto Rusizi unapoanza safari yake ya kwenda ziwa Tanganyika. Upande wa pili wa mto ni Bukavu, mji mkubwa wa Kongo. Kwa miaka mingi Cyangugu lilikuwa jina la mkoa mzima. Baada ya mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006, eneo la mji likawa katika wilaya ya Rusizi, Jimbo la Magharibi. Mji wenyewe una sehemu mbili: Cyangugu ya chini, karibu na maji na mpaka, na Kamembe ya juu, juu ya kilima, penye soko, maduka, kituo cha mabasi na uwanja wa ndege. Kati ya sehemu hizo mbili kuna mteremko, na mteremko huo ndio umekuwa mwalimu wa miguu ya watu wa huko.

Askari aliyewahi kupangiwa zamu kwenye daraja la Rusizi hahitaji kuelezwa ni nani hutumia njia hiyo. Siku mpaka unapokuwa wazi na hali ikiwa shwari, wapitao wengi si wenye magari. Ni waenda kwa miguu, na wengi wao ni wanawake: hawa wamebeba nyanya, hawa maziwa, hawa kuku, hawa vitenge. Huvuka asubuhi wakiwa na mzigo, wakarudi jioni na fedha au na mzigo mwingine. Biashara ya miji miwili imekaa juu ya vichwa vyao na imesimama juu ya nyayo zao.

Je, hali hiyo ilianzaje?

Mpaka wenyewe ni wa juzi tu. Mwishoni mwa karne ya 19 Wabelgiji na Wajerumani waligombea nchi zilizozunguka ziwa Kivu. Mwaka 1896 kikosi kilichoongozwa na afisa wa Kibelgiji kiliweka kambi Shangi, katika eneo hilo hilo la Cyangugu, na jeshi la mfalme wa Rwanda lilipojaribu kukiondoa, bunduki zikaushinda mkuki. Baadaye Wabelgiji waliondoka na Wajerumani wakashika upande wa mashariki. Daktari Richard Kandt, yule ambaye mwaka 1907 aliasisi mji wa Kigali, alikaa kwanza huko huko kando ya ziwa Kivu, karibu na Shangi. Mwaka 1910, katika mkutano uliofanyika Brussels, mataifa yenye makoloni yalikubaliana mpaka upite ziwani na katika mto Rusizi. Hivyo watu waliokuwa wakivuka mto kwenda kwa shemeji zao, wakaambiwa kwamba sasa wanatoka nchi moja na kuingia nchi nyingine. Hata hivyo, hawakuacha kuvuka.

Mnamo Aprili 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji yalivuka Rusizi na kuingia Rwanda. Tarehe 6 Mei yalikuwa Kigali, na tarehe 19 Septemba yaliingia Tabora. Kila askari anayesoma historia ya kampeni hiyo na ajiulize: risasi, unga, mahema na mizinga ilifikaje Tabora? Hapakuwa na malori wala barabara ya lori. Kila kitu kilibebwa na wapagazi, makumi ya maelfu ya watu, mabegani na vichwani, kupita milima, mbuga na mabwawa. Upande wa Waingereza ilikuwa vivyo hivyo. Kikosi chao cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na katika vinywa vya watu jina hilo likawa Kariakoo. Leo soko kuu la Dar es Salaam linaitwa Kariakoo, na Nairobi iko Kariokor. Wengi wanaonunua na kuuza huko hawakumbuki kwamba jina hilo ni kumbukumbu ya watu waliokufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi.

Jambo hilo lafaa litajwe waziwazi, kwa kuwa wapo wanaosifu mwendo wa miguu kana kwamba haukuwahi kuwa na machungu. Baada ya vita, Rwanda iliwekwa chini ya utawala wa Ubelgiji, na katika miaka ya 1920 na 1930 barabara za nchi zilichongwa milimani kwa kazi ya lazima, iliyojulikana kwa jina la akazi. Mkulima aliacha shamba lake, akachukua jembe, akaenda kuchimba barabara ambayo yeye mwenyewe hakuwa na chombo cha kupita juu yake. Aliyekataa alichapwa. Maelfu walikimbilia Uganda kutafuta kazi ya ujira na kuikimbia fimbo. Barabara ilijengwa na mwenye miguu kwa ajili ya mwenye motokaa. Na mwenye motokaa alikuwa afisa wa serikali, mmisionari, mwenye shamba au mfanyabiashara.

Ng'ambo ya mto, Bukavu ilijengwa kwa mpango wa namna hiyo hiyo. Mji huo, ambao kwa miaka mingi uliitwa Costermansville, umekaa juu ya rasi tano zinazoingia ziwani. Wazungu walijenga nyumba zao kwenye rasi hizo, mahali pa upepo na mandhari nzuri, wakati wafanyakazi Waafrika waliwekwa Kadutu, mlimani, na baadaye Bagira, mbali na mji. Mwenye gari alikaa karibu na kazi. Asiye na gari akakaa mbali. Hiyo ndiyo hesabu ya kikoloni, na si ya Bukavu pekee. Miji mingi ya Afrika Mashariki na Kati ilirithi hesabu hiyo, na baada ya uhuru haikuifuta. Walichobadilisha wengi ni rangi ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha nyuma cha gari.

Ndiyo maana, ndugu wasikilizaji, haishangazi kwamba kwa watu wengi gari lilikuwa, na bado ni, alama ya heshima. Kijana anayeota kununua gari hatafuti chuma na mpira. Anatafuta kutokuwa yule anayerushiwa tope na gari la mwingine. Mtu akitaka kumshawishi kijana huyo aheshimu miguu na baiskeli, hana budi kwanza kuhakikisha kwamba mwenye miguu na mwenye baiskeli harushiwi tope.

Baada ya uhuru Serikali ya Rwanda ilijaribu kuwapa wananchi chombo cha pamoja. Mwaka 1978 liliundwa shirika la umma la usafiri wa abiria, ONATRACOM, na mabasi yake yakafika hata sehemu ambazo mwenye basi binafsi hakuona faida. Kwa mtu wa Cyangugu, aliyetenganishwa na sehemu nyingine za nchi na msitu mkubwa wa Nyungwe, basi lilikuwa daraja la pili: daraja la kwenda Butare na Kigali. Mwaka 1976, Rwanda, Burundi na Zaire ziliunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, yenye makao yake Gisenyi, na kuvuka mpaka kwa wakazi wa kando kando kukapata utaratibu.

Kisha ukaja mwaka 1994. Katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, njia zenyewe ziligeuzwa kuwa silaha. Kizuizi cha barabarani, ambacho kazi yake ni kulinda raia, kikawa mahali pa kuulizwa kitambulisho na kuuawa. Katika mji wa Cyangugu, Watutsi waliokimbilia hifadhi walikusanywa katika uwanja wa michezo wa Kamarampaka. Wengine walitolewa humo wakauawa, na walionusurika wakahamishiwa kambi ya Nyarushishi. Kwa wiki nyingi, kwa mtu aliyewindwa, kutembea hatua mia barabarani kulikuwa ni kuihatarisha roho. Baadaye, Julai na Agosti, umati mkubwa mno wa watu ukavuka Rusizi kwenda Zaire, kwa miguu, na magodoro na masufuria vichwani.

Yanatajwa hayo katika mazungumzo juu ya usafiri kwa sababu moja. Mahali ambapo barabara iliwahi kuwa ya kuogofya kiasi hicho, mtoto kwenda shule peke yake kwa miguu si jambo dogo. Ni matunda ya amani, na amani hiyo inalindwa na watu waliovaa sare. Usalama wa mwenda kwa miguu ni kipimo cha dola. Jeshi hulinda mpaka ili raia avuke. Polisi hulinda njia ili raia afike. Kazi ya pili ni nusu nyingine ya kazi ya kwanza.

Sasa mji unakua. Katika mpango wa maendeleo wa mwaka 2013 hadi 2018, Serikali iliichagua miji 6 ya ngazi ya pili ili ikue sambamba na Kigali, nayo ni Huye, Muhanga, Musanze, Nyagatare, Rubavu na Rusizi. Barabara ya lami ya kando ya ziwa imeunganisha Rusizi na Karongi hadi Rubavu. Nyumba za ghorofa zimeinuka Kamembe, na magari yameongezeka pamoja nazo. Hapo ndipo swali linapozaliwa: mji huu ambao bado watu wake wengi hutembea, utapangwa kwa ajili ya hao wengi, au utapangwa kwa ajili ya wachache wenye magari, halafu baada ya miaka 30 utafute fedha za kurekebisha kosa?

Miji iliyotangulia imeshajibu swali hilo kwa gharama kubwa.

Itazamwe Dar es Salaam. Mwaka 1974 liliundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, kuwahudumia wakazi wa jiji. Mji ukakua, mabasi yakapungua kwa kukosa vipuri na fedha za kigeni, na watu wakasimama vituoni saa nyingi. Mwaka 1983 Serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, ambayo wananchi waliyaita daladala, kwa kuwa nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 iliitwa dala. Daladala ziliokoa jahazi, lakini kila aliyeweza kununua gari alinunua, na barabara zikajaa. Ilibidi kungoja hadi Mei 2016 ndipo mabasi yaendayo haraka yalipoanza kupita katika njia zao wenyewe, kilomita zipatazo 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi yake. Kazi hiyo ilisifiwa duniani, na jiji likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa mwaka 2018. Hata hivyo, wakazi walijifunza pia kwamba njia bila mabasi ya kutosha haitoshi, na kwamba karakana ikijengwa bondeni Jangwani, mafuriko huja kuidai ardhi yao. Kujenga ni hatua ya kwanza. Kuendesha kila siku, kwa nidhamu, ndiyo kazi yenyewe.

Itazamwe Kigali, jirani na ndugu. Katika miaka ya 2000, baiskeli za abiria zilizuiwa kwenye barabara kuu za mji huo. Lakini mwaka 2015 barabara moja katikati ya mji ilifungwa kwa magari na kuachiwa waenda kwa miguu. Mwanzoni wenye maduka walinung'unika, na si bure, kwani barabara tupu yenye jua kali haimvuti mteja. Ilipotengenezwa upya mwaka 2022, ikawekwa viti, miti na mahali pa kupumzikia, watu wakaja. Mwezi Mei 2016 ilianzishwa siku ya Jumapili isiyo na magari, ambayo barabara kadhaa hufungwa kwa saa chache, na viongozi, askari na raia hukimbia, hutembea na kuendesha baiskeli pamoja, huku wauguzi wakiwapima watu shinikizo la damu na kisukari. Na mwezi Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Mji uliowahi kuziondoa baiskeli barabarani ukawaalika waendesha baiskeli wa dunia nzima. Hiyo si aibu. Ni fundisho kwamba siasa ya barabara yaweza kubadilika watu wakikubali kufikiri upya.

Mataifa tajiri nayo yalijifunza kwa kulazimika. Mwaka 1973, bei ya mafuta ilipopanda ghafla baada ya vita vya Mashariki ya Kati, Uholanzi ilipiga marufuku magari siku za Jumapili kwa muda, na watu wakaona mara ya kwanza baada ya miaka mingi jinsi miji yao inavyopendeza pasipo kelele. Wakati huo huo wazazi walikuwa wakiandamana kwa sababu ya watoto waliouawa na magari. Baiskeli zilizojaa Uholanzi leo hazikutokana na tabia ya kuzaliwa. Zilitokana na uamuzi. Huko Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, desturi ya kufunga barabara Jumapili ilianza mwaka 1974 na inaendelea mpaka leo. Tanzania nayo, katika miaka ile ya shida ya mafuta, iliwahi kuzuia magari ya binafsi kutembea Jumapili alasiri.

Kwa nchi kama Rwanda hoja ya mafuta ina uzito zaidi. Nchi haina kisima cha petroli wala bandari ya bahari. Kila lita hutoka Dar es Salaam au Mombasa, na kutoka Dar es Salaam hadi Kigali ni karibu kilomita 1,500. Kufika Rusizi lori laongeza zaidi ya kilomita 200, kupitia milima na msitu. Lita inayochomwa na mtu mmoja, aliyekaa peke yake garini, akisubiri foleni, imesafiri nusu ya Afrika Mashariki ili ifanye kazi hiyo ndogo.

Askari ataielewa hesabu nyingine upesi kuliko raia. Chukua platuni ya askari 30, ipange mistari mitatu, safu kumi. Barabarani itachukua urefu wa mita 15 hivi. Wapande wote basi moja, nafasi ni ile ile au pungufu. Sasa mpe kila askari gari lake. Magari 30, hata yakigusana pua na mkia, kwa mita 5 kila moja, ni mita 150. Na yakianza kutembea kwa nafasi ya usalama yatazidi mara mbili au tatu. Watu ni wale wale 30. Wala hakuna barabara ya mlimani inayoweza kupanuliwa mara kumi bila kubomoa nyumba za watu.

Wala baiskeli isidharauliwe kuwa ni chombo cha wasio na uwezo. Mwaka 1954, huko Dien Bien Phu, wapiganaji wa Vietnam waliwashinda Wafaransa waliokuwa na ndege, na sehemu kubwa ya chakula na risasi zao ilisukumwa milimani kwa maelfu ya baiskeli, nyingine zikibeba kilo 200 na zaidi. Karibu zaidi, huko Goma, vijana walibuni chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ambayo hubeba mkaa na viazi kutoka vijijini; na mji ukaisimamishia sanamu. Na neno boda boda, linalotamkwa leo kila kona, lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, pale vijana wa miaka ya 1960 walipowabeba watu kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka mmoja hadi kingine. Mji wa mpaka, basi, ndio uliolizaa jina hilo. Katika bonde la Bugarama, kusini mwa Rusizi, ambako nchi ni tambarare na joto ni kali, waendesha baiskeli za abiria, waitwao abanyonzi, wanaendeleza kazi ile ile.

Lazima hapa ukweli usemwe pande zote. Mwendesha baiskeli anayening'inia nyuma ya lori ili avutwe mlimani anajiua mwenyewe. Anayeteremka usiku bila taa na bila breki anaweza kuua mwenziwe. Askari wa usalama barabarani anayemkamata hamwonei, anamwokoa. Lakini ipo tofauti kati ya kumwongoza mtu na kumfukuza. Baiskeli ikiondolewa barabarani bila kuonyeshwa pa kupita, mzigo hautoweki. Unahamia kichwani kwa mama, au unapita njia ya panya, mahali ambapo askari hawezi kumlinda mtu wala kuhakikisha sheria. Mama anayeuza nyanya kando ya barabara naye, akifukuzwa asubuhi, jioni atarudi, kwa sababu watoto wake hula kila siku. Dawa ni kumpa mahali, kisha kumtaka akae hapo.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Polisi ya Rwanda ililiona jambo hilo ilipoanzisha mwaka 2019 kampeni ya Gerayo Amahoro, maana yake fika salama, ikawafuata madereva, abiria na waumini hadi kwenye vituo, misikiti na makanisa. Kampeni hiyo haikumtaja mwenye gari peke yake. Ilisema kila mtu afike.

Yapo mambo ambayo mji wa mlimani unayahitaji, wala si ya ajabu: njia ya kando yenye upana wa watu wawili wenye mizigo kupishana, ngazi imara mahali ambapo watu wamekwisha kuchora njia kwa nyayo zao, mfereji uliofunikwa, ili mvua isiwasukume watoto katikati ya lami, taa mahali wanawake wanapopita alfajiri, mahali pa baiskeli palipotengwa, basi linalofika kwa saa inayojulikana, likiunganisha Kamembe ya juu na mpaka wa chini, na mashua za ziwani, ambazo hazihitaji kuchimba mlima. Hayo yakitangulia kujengwa, mwenye gari naye hufaidika, maana barabara humpungukia msongamano.

Kile kinachobaki ni desturi, na desturi hujengwa na mfano. Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, na tena Juni, Rusizi ilipowekewa amri ya kubaki nyumbani, daraja lilinyamaza. Ndipo wengi walipotambua jinsi miji miwili ilivyokuwa ikiishi kwa nyayo za watu ambao hakuna aliyekuwa akiwahesabu. Nyayo zikikoma, soko hukoma.

Kwa hiyo, ndugu askari, siku utakapopangiwa zamu Rusizi, au katika mji wowote unaofanana nao, ikaja saa ile ambayo gari la mkubwa linapiga honi upande mmoja, na upande wa pili amesimama mama na mzigo, mtoto akimshika upindo, akingoja kuvuka, ikumbuke njia hiyo ilikotoka. Ilichimbwa na baba zao kwa lazima. Babu zao waliipita wakiwa wapagazi wa vita ambavyo havikuwa vyao. Jamaa zao walizuiwa juu yake, na wengine hawakufika. Inua mkono, gari lisimame, mama na avuke kwanza. Kwa muda wa hatua hizo chache, methali itakuwa imegeuka, mwenye nguvu amempisha mnyonge, na barabara imerudi kwa waliochimba.